Kabla ya kuhamia mji wa mlimani, uliza unalishwa na nini

Kama una miaka ishirini na kitu, kazi yako iko kwenye kipakatalishi na umechoka kulipa kodi ya keja Nairobi, najua wazo hili limeshakupitia kichwani: nihame, nikaishi karibu na mlima. Hewa safi, kodi nafuu, wikendi za kupanda mlima, halafu Jumatatu unafungua mashine kama kawaida. Siku hizi wazo hilo halimchekeshi mtu. Bosi wa mmoja yuko Mombasa, wa mwingine yuko Berlin, na hakuna anayeuliza umekaa wapi mradi kazi imefika kwa wakati.

Mimi naliunga mkono. Ila nina neno moja kabla hujafunga mabegi. Wengi wetu tunachagua mji wa mlimani kwa picha: ukungu asubuhi, kikombe cha chai kibarazani, kilele nyuma. Picha haikwambii lolote kuhusu Jumanne ya kawaida. Mimi nasema chagua kwa swali: mji huu unalishwa na nini, na kitu hicho kikikatika, watu wake watakula wapi? Nitalipima swali hilo kwa Mikinduri, kule Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru. Ni mji ambao hakuna anayekuuzia mtandaoni, na ndiyo sababu nimeuchagua.

Wenzetu wa theluji walishapitia hapa

Tuanze ng'ambo, maana huko swali hili ni la zamani. Katika nchi za baridi kali kuna vijana wanaochagua mji wa kuishi kwa kupima umbali wake na miteremko ya kuteleza kwenye theluji, ule mchezo wa kuvaa vibao virefu miguuni na kushuka mlima kwa kasi. Sisi tunaujua kupitia watu wachache. Philip Boit alipeperusha bendera yetu kwenye Olimpiki za Majira ya Baridi kule Nagano, Japani, mwaka wa 1998. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri kwenye utepe ili amkumbatie. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Miaka 20 baada ya Nagano, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kulelewa Austria, akatuwakilisha Pyeongchang. Boit ilibidi aende Finland kujifunza. Simader alikulia huko huko kwenye theluji. Ukitaka mchezo huo, unaufuata ulipo.

Na wanaoufuata wengi hugundua jambo moja: mji unaopendwa na wageni hugeuka kuwa ghali kwa wenyeji. Chukua Aspen, katika jimbo la Colorado, Marekani. Ulianza kama mji wa wachimbaji wa madini ya fedha. Mwaka wa 1893 serikali ya Marekani iliacha kununua fedha kwa wingi, bei ikaanguka, na watu wakahama. Uliamka tena baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilipowekwa mitambo ya kuwapandisha watelezaji mlimani. Leo Aspen ni mji wa matajiri. Mpishi, mwalimu na dereva wa basi, wengi wao hawawezi kupanga nyumba hapo. Wanaishi miji ya chini bondeni na kupanda kila siku kwenda kuwahudumia watu wenye nyumba ambazo kwa sehemu kubwa ya mwaka hazina mtu ndani.

Huo ni mji uliofaulu. Sasa tazama pahali palipoishiwa. Nchini Bolivia kulikuwa na kituo cha kuteleza kwenye mlima wa Chacaltaya, zaidi ya mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, kilichosifika kuwa cha juu zaidi duniani. Barafu yake ilikwisha mwaka wa 2009. Mlima bado upo, nyumba ya wageni ilibaki, lakini nani atateleza kwenye mawe?

Usidhani hayo ni mambo ya mbali. Mlima Kenya, wenye kilele cha Batian cha mita 5,199, una barafu karibu kabisa na ikweta, na barafu hiyo inakwisha. Ile kubwa kuliko zote, Lewis, imepoteza karibu yote iliyokuwa nayo miaka ya 1930. Ripoti ya UNESCO ya mwaka wa 2022 ilisema barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inatarajiwa kutoweka kufikia 2050. Kijana anayesoma makala hii ana nafasi nzuri ya kuiona siku ambayo Mlima Kenya hautakuwa tena na weupe wa kudumu. Kwa hivyo hata hiyo picha unayoihamia, ina muda wake.

Mji wa wikendi na mji wa Jumanne

Ukimwambia Mkenya "mji wa mlimani", atakutajia Nanyuki. Simlaumu. Barabara ni nzuri, mkahawa uko kila kona, lango la Sirimon liko karibu. Nanyuki ina miguu kadhaa pia: mashamba ya maua, ranchi, kambi ya mafunzo ya jeshi la Uingereza, watalii. Lakini muulize kijana aliyezaliwa pale bei ya ploti, kisha umuulize kama yeye anaweza kuinunua. Wengi wetu tukihamia mji mmoja kwa sababu moja, tunawafanyia wenyeji kile kile ambacho matajiri wa Marekani waliwafanyia wapishi wa Aspen. Tofauti ni kwamba sisi hatujioni kama matajiri.

Sasa hebu tuzunguke mlima. Pita Embu, pita Chuka, pita Chogoria ambako chai inafika ukingoni mwa msitu, fika Meru mjini. Hapo wengi huishia. Ukiendelea mashariki unakutana na Milima ya Nyambene, milima iliyotokana na volkano, na kilele chake kirefu zaidi kinapita mita 2,500. Mikinduri iko upande wa kusini-mashariki wa milima hiyo, kaskazini kidogo ya ikweta. Juu yake kuna msitu na chai. Inakozunguka kuna miraa, migomba, kahawa, parachichi. Ukishuka unaingia nchi kavu ya Tharaka, ya mtama na ndengu. Kwa safari ya asubuhi moja unaweza kutoka penye baridi ya sweta hadi penye joto la kukaa chini ya mti.

Na burudani ya mlimani ipo, usiogope. Mlima Kenya unaupata kupitia Meru mjini: ama ufuate barabara ya Nanyuki hadi Sirimon, ama ushuke barabara ya Embu hadi Chogoria. Mbuga ya Meru, alikoishi simba Elsa aliyelelewa na Joy Adamson, ina lango la Murera unaloingilia ukipitia Maua. Lakini tuwe wakweli. Misimu mizuri ya kupanda Mlima Kenya ni ile mikavu, Januari na Februari, kisha kati ya Julai na Septemba. Ukitoa siku za kazi, siku za mvua na siku ambazo mfuko umetoboka, utapanda mara ngapi kwa mwaka? Tatu, ukijitahidi. Siku nyingine zote utakuwa mkazi wa mji, si mpanda mlima. Ndiyo maana nasema uchague mji wa siku hizo nyingine.

Miraa ndiyo theluji yetu

Hapa ndipo swali langu linapouma. Mikinduri inalishwa na nini? Ukiuliza mwenyeji wa Tigania au Igembe, kabla hujamaliza atakwambia: miraa. Sitaki kuingia ubishi wa kama miraa ni nzuri au mbaya. Huo una makala yake. Nataka uone jinsi pesa yake inavyotembea.

Kazi huanza mapema. Kuna wanaochuma, kuna wanaochambua, kuna wanaofunga mabunda, kuna wanaouza majani ya migomba ya kufungia ili mzigo usinyauke. Kuna dalali, kuna dereva wa pikapu anayekimbia kama aliyeibiwa, maana miraa ikikaa siku mbili tatu imekuwa kuni. Kuna mama wa chapati anayewalisha hao wote, na mtu wa bodaboda anayewabeba. Siku soko likiwa zuri, pesa inafika kwa watu wengi kabla ya saa sita mchana. Ni zao chache sana zinazolipa mkulima siku ile ile. Usilidharau hilo.

Lakini angalia kalenda. Mwaka wa 2013 Uholanzi ilipiga marufuku miraa. Juni 2014 Uingereza ikafuata, na soko kubwa la Ulaya likafungwa. Machi 2020, wakati wa korona, Somalia ilizuia miraa ya Kenya, na mlango haukufunguliwa hadi Julai 2022, baada ya serikali mbili kukaa mezani. Zaidi ya miaka miwili! Hakuna mchumaji wa Tigania aliyeulizwa. Uamuzi ulifanywa London na Mogadishu, na njaa ikalala kwa mama wa chapati.

Sasa linganisha. Mji wa kuteleza ukikosa theluji msimu mmoja, hoteli hazijai, wahudumu hawaitwi kazini, duka la vibao linafungwa. Mji wa miraa ukifungiwa soko, ni vile vile. Wote wawili wanategemea kitu kimoja wasichokitawala: mmoja hali ya hewa, mwingine hali ya siasa. Kinachoonekana kama utajiri ni kiti cha mguu mmoja, na kiti hicho hukaliwa vizuri tu na mtu asiyetikisika.

Kuna gharama nyingine ambayo haiko kwenye kalenda. Wavulana huacha shule kwa sababu pesa ya kuchuma inaonekana leo, na ya cheti haionekani. Ukimwambia kijana wa miaka 14 asubiri miaka minane apate kazi, na mwenzake ana pesa mfukoni asubuhi hii, unadhani atakusikiliza? Aspen ya wachimbaji pia haikuwa na sababu ya kufikiria kesho, hadi 1893 ilipofika.

Mguu wa pili ni wewe

Basi niseme usiende Mikinduri? Hapana. Nasema kinyume. Nenda, ila uende ukijua kazi yako.

Mji huu una vitu ambavyo miji mingi ya theluji haikuwa navyo. Ardhi yake hukubali mazao mengi. Chai, kwa mfano, haina haraka ya miraa lakini ina mpangilio: mkulima wa KTDA hulipwa kila mwezi kwa majani aliyopeleka, kisha hungoja bonasi ya mwaka. Nyambene ina viwanda vya chai kama Michimikuru na Kiegoi. Kahawa ipo, ndizi zipo, parachichi zinatafutwa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, huko huko Tigania, na kilipata hati mwaka wa 2013. Kinatoa vijana wanaojua kompyuta kila mwaka, na wengi wao wanapanda matatu ya Nairobi wiki ile ile ya kuvaa joho.

Kinachokosekana ni pesa isiyotegemea mzigo uliopakiwa asubuhi. Wewe unayelipwa na kampuni ya mbali unakuja na pesa ya aina hiyo. Mshahara wako hautikisiki Somalia ikifunga mpaka. Ukinunua mboga kwa mama wa soko, ukampa fundi wa hapo kazi ya meza, ukalipa kodi kwa mzee wa nyumba, ukamfundisha kijana mmoja kuhariri video au kuandika programu, umeongeza mguu kwenye kile kiti. Mguu mwembamba, ndiyo. Lakini wakija watu kumi, halafu hamsini, mji unaanza kuwa na kitu cha kushikilia.

Ila kuna namna ya kuja inayoharibu. Ukifika na jambo la kwanza ni kutafuta ploti ekari mbili, uzungushe waya, ujenge nyumba ya kukodisha kwa wageni wa wikendi, hujaongeza mguu wowote. Umepunguza shamba na kupandisha bei. Ardhi ya Meru imegawanywa mara nyingi kiasi kwamba kijana wa pale akirithi robo ekari anashukuru. Usiende kushindana naye kwa hicho kidogo. Panga nyumba. Kaa mwaka. Ukitaka kununua baadaye, utakuwa unajua unanunua kwa nani, na kama ndugu zake wamekubali.

Jinsi ya kupima kabla ya kuhama

Haya sasa, mambo ya vitendo. Usiende kuangalia mji mwezi wa Januari, kukiwa na jua na miti imependeza. Nenda Aprili, mvua ikinyesha, barabara za ndani zimekuwa uji. Kaa siku saba, ufanye kazi yako yote ya kawaida ukiwa huko.

Pima intaneti saa za kazi zako, si saa za usiku mtandao ukiwa mwepesi. Kama mikutano yako ni ya video, ifanye ukiwa huko, na uwe na laini za kampuni mbili tofauti. Uliza stima hupotea mara ngapi na hukaa muda gani, na usimuulize mwenye nyumba, muulize kinyozi. Uliza maji hutoka siku zipi. Uliza ukiugua saa nane usiku utapelekwa wapi, na nani mwenye gari. Hospitali ya Methodist ya Maua inajulikana eneo lote, lakini hospitali kujulikana na wewe kuifikia gizani ni mambo mawili.

Kama wewe ni mwanamke na unahama peke yako, uliza wanawake wanaoishi peke yao pale, si wanaume wanaokuhakikishia kwamba "hakuna shida". Uliza wanatembea hadi saa ngapi, na bodaboda gani wanayoiamini.

Kisha uliza swali kubwa. Keti kwenye hoteli ya chai, salimu watu, "Muga!", uwaache wazee waongee. Waulize: ile miaka miwili Somalia ilipofunga, mliishi vipi? Majibu yao yatakueleza mji kuliko video elfu moja. Ukisikia "tulirudi kwa chai", "tulikuwa na ng'ombe", "chama kilitushika mkono", jua huo ni mji wenye misuli. Ukisikia "tulingoja tu", jua unahamia pahali panapohitaji sana mguu wa pili, na ujiulize kama uko tayari.

"Lakini nitakuwa mpweke"

Najua pingamizi lako. Utasema mji mdogo unachosha, kila mtu atajua umekula nini, hakuna sinema, marafiki wako wote wako Nairobi na mji uko zaidi ya kilomita 200 kutoka huko. Ni kweli. Jirani atakuuliza unafanya kazi gani unayokaa nayo ndani ya nyumba mchana kutwa, na mtaani watakushuku kidogo hadi wakuzoee. Kuna watu ambao hilo haliwafai, na wasijilazimishe. Meru mjini au Embu itawafaa zaidi: kuna ofisi, vyuo, mahakama, maduka, na kelele ya kutosha.

Lakini kumbuka kwamba upweke hauko Mikinduri peke yake. Kuna watu wameishi ghorofa moja Nairobi miaka mitatu na hawajui jina la mtu wa mlango wa pili. Mji mdogo unakudai uhudhurie: harusi, matanga, harambee, mkutano wa maji. Ukihudhuria, watu wanakuwa wako. Ukijifungia na waifai yako, utakuwa mgeni hata baada ya miaka kumi.

Tuko kwenye wakati ambao vijana wa Kenya, kwa mara ya kwanza, tunaweza kuchagua mji bila kufuata ofisi. Tusiutumie uhuru huo kukimbilia miji mitatu ile ile inayopigwa picha, tuijaze, tuifanye ghali, kisha tuihame. Barafu ya Mlima Kenya itakwisha tukiwa hai. Soko la miraa litafungwa tena siku moja, na hakuna atakayetuuliza. Mji utakaosimama ni ule wenye njia nyingi za kula. Kama unahama mwaka huu, nenda mahali ambapo kuja kwako kutaongeza njia moja, na uanze kwa kupanga chumba, si kwa kununua shamba.